Kidole Kilichotangulia: Historia ya Joto na Mguso, kutoka Mwadui hadi Buhangija

Ukiigusisha almasi mdomoni utahisi baridi kubwa kuliko ukubwa wa jiwe lenyewe. Kipande cha chupa chenye umbo lile lile hupoza mdomo kidogo tu, kisha kikazoea joto la mwili. Almasi hupitisha joto karibu mara tano zaidi ya shaba, na shaba ndiyo tunayoitumainia kwenye nyaya. Joto la mdomo hukimbilia ndani ya jiwe, na ngozi hutoa habari ya kilichochukuliwa. Wafanyabiashara wa mawe ya thamani walilijua hilo kabla ya kuwapo mashine yoyote ya kupima. Hata gizani, mdomo uliozoea huanza kulitilia shaka jiwe la uongo.

Naanzia hapa kwa sababu Kishapu ni nchi ya almasi. Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Thoburn Williamson, aligundua mwamba wa almasi Mwadui, kwenye ardhi ambayo leo imo ndani ya wilaya hiyo ya mkoa wa Shinyanga. Mwamba huo umeenea hekta zipatazo 146, na ni miongoni mwa mikubwa iliyowahi kuchimbwa duniani. Mwaka 1947 likatoka jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5, likatolewa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Lilipokatwa likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 likawekwa katikati ya bruchi ya umbo la ua. Williamson alifariki mwaka 1958. Jiwe lake linasimuliwa mpaka leo kwa sababu ya rangi, na rangi ni habari ya macho.

Ngozi nayo ina historia yake. Inapita Paris, Buigiri na Buhangija, na imejaa watu waliotafuta njia ya kumpa asiyeona kile ambacho macho yamemnyima. Katika historia hiyo nimeona jambo moja likijirudia: chombo kilichoanzia kwenye yale ambayo mkono wa asiyeona tayari unayajua kiliishi, na kilichoanzia kwenye mawazo ya mwenye macho mara nyingi kilikufa njiani.

Macho ya Usukumani

Kabla ya kuzungumzia vyombo, tuzungumzie jinsi macho yalivyopotea. Mwaka 1987 madaktari Allen Foster na Alfred Sommer walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto 130 wa Tanzania waliokuwa na vidonda vya konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Zaidi ya theluthi moja ya watoto hao walikuwa wametoka kuugua surua. Surua humkuta mtoto ambaye mwili wake una akiba ndogo ya vitamini A, huimaliza akiba hiyo, na konea huyeyuka kwa muda wa siku chache. Dawa za kienyeji zilizotiwa machoni kwa nia njema nazo ziliongeza madhara. Upofu wa namna hii haurudi nyuma. Kinga yake ilikuwa chanjo ya surua, matone ya vitamini A, na mlo wenye mchicha, papai na maembe.

Usukumani jicho limebeba msiba mwingine pia. Misitu ya Shinyanga ilifyekwa kwa miongo mingi, kwanza kufukuza mbung'o, halafu kupanua mashamba ya pamba na malisho. Kuni zikawa adimu, na akina mama wakapika kwa kinyesi kikavu cha ng'ombe na mabua. Moshi wake huwasha macho, na mwanamke aliyeinama juu ya mafiga kwa miaka hamsini huzeeka na macho mekundu. Wekundu huo uliitwa ushahidi wa uchawi, na vikongwe wengi wakauawa kwa ajili yake. Walikuwa wamewapikia watoto na wajukuu maisha yao yote. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulipofufua ngitili, yaani maeneo ya malisho na miti yaliyotengwa kwa desturi ya Wasukuma, ulirudisha kuni karibu na nyumba. Haukuanzishwa kwa ajili ya macho, lakini familia iliyopata kuni ilipunguza moshi jikoni mwake.

Mama huyo aliyeumizwa na moshi alikuwa pia bingwa wa kusoma joto. Hupeleka mgongo wa kiganja karibu na sufuria bila kuigusa, akajua kama maji yamekaribia kuchemka. Akipitisha mkono juu ya jiko la mkaa anajua upande upi umewaka na upi bado. Macho yake yalipofifia, ujuzi huo ulibaki naye, na pengine ukaongezeka. Watu wengi wasioona hupika hivyo kila siku katika nchi hii. Kipimajoto chao cha kwanza walizaliwa nacho.

Mvulana aliyekata nukta kwa nusu

Ufaransa, mwaka 1785, Valentin Haüy alifungua mjini Paris shule ya vijana wasioona. Aliwachapishia vitabu vyenye herufi za Kilatini zilizoinuliwa juu ya karatasi. Alikuwa na moyo mwema, lakini aliwaza kama mwenye macho. Herufi ile ilibuniwa ionekane. Kidole kilichoipapasa kililazimika kufuata kila mpindo wake kwa zamu, na mwanafunzi alipofika mwisho wa sentensi alikuwa amekwisha kusahau mwanzo.

Louis Braille alizaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray, mtoto wa fundi wa ngozi na matandiko ya farasi. Akiwa na umri wa miaka mitatu alijichoma jicho kwa kifaa cha baba yake. Maambukizi yakahamia jicho la pili, akapofuka kabisa. Alipokuwa mwanafunzi Paris alikutana na mfumo wa Charles Barbier, wa nukta zilizoinuliwa zilizosomwa kwa kidole. Kila alama ya Barbier iliweza kuwa na nukta hadi 12, na urefu wake ulizidi ncha ya kidole. Msomaji alilazimika kukipandisha na kukishusha kidole ndipo aipate alama nzima.

Braille, ambaye alisoma kwa kidole chake mwenyewe, aliona kasoro hiyo papo hapo. Akapunguza nukta kuwa sita, safu mbili za tatu tatu, ili alama nzima iingie chini ya ncha ya kidole kwa mguso mmoja. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, mfumo wake ulikuwa umekamilika kwa sehemu kubwa, na mwaka 1829 ukachapishwa. Nukta sita hutoa alama 63 tofauti, zinazotosha herufi, tarakimu, vituo vya uandishi na hata muziki. Umbali kati ya nukta na nukta ni takriban milimita mbili na nusu, kipimo ambacho ncha ya kidole inaweza kukitenganisha bila taabu.

Walimu wenye macho hawakufurahi. Katika miaka ya 1840 uongozi wa shule hiyo hiyo uliupiga marufuku mfumo wake. Wanafunzi waliendelea kuutumia kwa siri, kwa sababu walikuwa wamepata maandishi ambayo mkono wao uliyakubali. Braille alifariki mwaka 1852, na Ufaransa ikaukubali rasmi mfumo wake mwaka 1854, miaka miwili baada ya kumzika.

Nukta nundu zinafika

Tanganyika ilipata shule yake ya kwanza ya watoto wasioona mwaka 1950 huko Buigiri, Dodoma, kwa juhudi za Kanisa la Anglikana. Furaha ya Tabora na Irente ya Lushoto zilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1951, mmoja tu baada ya Buigiri kufunguliwa, ilianza kutengenezwa mashine ya David Abraham wa shule ya Perkins kule Marekani, ya kuandikia nukta kwa funguo sita, moja kwa kila nukta. Mashine hiyo ya chuma, nzito na sugu, ndiyo ambayo vizazi vya wanafunzi wa Tanzania wameisikia ikigongwa darasani. Asiyekuwa nayo alitumia sleti na stailasi. Kwa zana hizo mtu hutoboa nukta kutoka nyuma ya karatasi, akiandika kuanzia kulia kwenda kushoto, ili karatasi ikigeuzwa maandishi yasomeke kutoka kushoto kwenda kulia.

Kiswahili kiliupa mfumo huo jina zuri: nukta nundu. Mtu akilisikia huona moja kwa moja jinsi nukta inavyonyanyuka kama nundu ya ng'ombe, na Usukumani nundu haihitaji maelezo. Lugha yenyewe iliurahisishia kazi mfumo huo, kwa kuwa Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishazijua irabu tano na konsonanti zake hahitaji kukariri tahajia za ajabu. Kidole chake kinasoma kile ambacho sikio lake tayari limekisikia.

Mwaka 1964 wasioona wenyewe walianzisha chama chao, Chama cha Wasioona Tanzania. Tarehe hiyo ina uzito, kwa sababu tangu hapo wasioona walikuwa na mahali pa kusema kwa sauti yao wenyewe kuhusu shule, kazi na vitabu. Katika miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimeanza kuwapokea. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, ikayaweka kwenye maandishi mengi waliyokuwa wakiyadai.

Shinyanga ina Buhangija, shule ya msingi jumuishi iliyomo ndani ya manispaa, inayowapokea watoto wasioona, viziwi na wenye ualbino. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhamiri Kanda ya Ziwa kuanzia katikati ya miaka ya 2000, mamia ya watoto walipelekwa pale kuokoa maisha yao. Mabweni yakafurika kupita uwezo wake. Shule ikawa ngome.

Ualbino unatufundisha jambo kuhusu vyombo. Mtu mwenye ualbino kwa kawaida ana uoni hafifu. Jicho lake lina upungufu wa rangi inayochuja mwanga, na jua la saa sita humfumba macho kama taa kali usoni. Hata hivyo anaona. Katika shule nyingi za wasioona barani Afrika watoto hawa walifundishwa nukta nundu kwa sababu tu walikuwa shule ya wasioona. Baadhi yao wakawa wanazisoma nukta hizo kwa macho, wakifuatilia vivuli vyake kwenye karatasi, ilhali kofia yenye ukingo mpana, miwani na maandishi makubwa vingewafaa zaidi. Kosa la Haüy lilikuwa limepinduliwa: mwenye macho alipewa chombo cha kidole. Katika visa vyote viwili aliyeamua hakumuuliza mtumiaji. Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Joto lapata maelezo yake

Wakati nukta zikisafiri, wanasayansi nao walikuwa wanalitafuta joto. Mwaka 1800 William Herschel aliupitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembetatu, akaweka vipimajoto kwenye kila rangi. Kimoja alikiweka ng'ambo ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, na hicho ndicho kilichopanda zaidi. Alikuwa amegundua miale ya infraredi, mwanga unaotambulika kwa joto lake. Kiumbe chochote chenye uhai, jiwe lililokaa juani na sufuria iliyoteremshwa mekoni sasa hivi hutoa miale hiyo mchana na usiku.

Mwaka 1882, Magnus Blix wa Uppsala, Sweden, alionyesha kuwa ngozi ina vituo vya kuhisi baridi na vingine vya kuhisi joto, kila kimoja na kazi yake. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1997, David Julius wa California alitumia kiini cha ukali wa pilipili kuutafuta mlango wa joto kwenye mishipa ya fahamu. Akaupata: protini inayofunguka kwenye nyuzi joto 43 hivi, na pilipili hufungua mlango huo huo. Ndiyo sababu ulimi huuita ukali wa pilipili moto. Mwaka 2010 Ardem Patapoutian akapata protini zinazofunguka ngozi inapobonyezwa. Wawili hao walitunukiwa Nobeli mwaka 2021. Kidole cha mtoto wa Buhangija kinapopita juu ya nukta, protini za namna hiyo ndizo zinazofunguka na kupeleka habari.

Wahandisi hawakusubiri maelezo hayo yote. Katika Vita Kuu ya Pili, Richard Hoover, akiwafundisha askari waliopofuka katika hospitali ya Valley Forge, Marekani, aliirefusha fimbo. Akawaonyesha namna ya kuipeleka kulia na kushoto, ncha yake ikigusa ardhi mahali ambapo mguu unakwenda kukanyaga. Fimbo ni chombo cha mguso. Mchanga, changarawe na ukingo wa shimo vyote hupanda hadi kiganjani, na mpaka leo hakuna mashine iliyoipita kwa uaminifu na bei.

Mwaka 1969 Paul Bach-y-Rita alichapisha kazi ya ajabu. Alikuwa ameweka vitetemeshi 400 kwenye mgongo wa kiti cha daktari wa meno na kuviunganisha na kamera, na picha ikawa inachorwa kwenye mgongo wa aliyekaa. Wasioona waliojifunza kuitumia walitambua simu, kikombe, hata uso wa mtu. Walipoishika kamera na kuiongoza kwa mikono yao wenyewe, hawakuhisi tena mtetemo mgongoni. Walihisi kitu kiko mbele yao. Naliona hilo kuwa ugunduzi mkubwa kuliko kiti chenyewe: mguso hugeuka maarifa pale mtumiaji anapouongoza.

Chombo kingine, Optacon, kilitokana na John Linvill wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye binti yake alikuwa haoni. Kilianza kuuzwa mwaka 1971. Mkono mmoja ulipitisha kamera ndogo juu ya maandishi ya kawaida, na kidole cha mkono wa pili kilihisi umbo la kila herufi kwenye pini 144 zilizotetemeka. Waliokizoea walikipenda sana kwa uhuru kiliowapa wa kusoma barua zao wenyewe. Lakini kiliwarudisha wasomaji kwenye herufi za Kilatini, moja baada ya nyingine, kama vitabu vya Haüy. Utengenezaji wake ulikoma mwaka 1996. Nukta nundu ziliishi kabla yake na zimeishi baada yake.

Kuuleta moto Kishapu

Kamera zinazoona joto bila kuhitaji kupozwa zilibuniwa Marekani kwa ajili ya jeshi, na siri yake ikafunguliwa mwaka 1992. Mwaka 2014 kamera ya joto ya kupachikwa kwenye simu ilifika madukani. Leo vihisi vidogo vya joto, vingine vyenye nukta 64 tu, vinaweza kuunganishwa na vitetemeshi vya mkanda au kofia. Wazo ni rahisi kulieleza: kihisi kinaona kitu chenye joto kulia, na mkanda unatetemeka upande wa kulia. Joto ndilo linalopokewa, na mtetemo ndio unaopelekwa mwilini, kwa sababu ngozi huhisi mabadiliko ya joto polepole na bila kujua mahali hasa yalipo, lakini mtetemo huutambua mara moja. Nchini Kenya, kampuni ya Hope Tech Plus ya Brian Mwenda imefuata njia ya jirani kwa kifaa kiitwacho Sixth Sense, kinachotambua vizuizi kwa mawimbi ya sauti.

Sasa tulete chombo cha namna hiyo Kishapu. Usiku kingefaa sana. Ng'ombe aliyelala katikati ya njia ana joto la nyuzi 38 na nusu hivi, na ardhi imekwisha kupoa, kwa hiyo angeonekana waziwazi. Mtu aliyesimama kimya mlangoni angetambulika kabla hajasalimia. Jiko la mkaa lililosahaulika uani lingejitangaza lenyewe kabla mtoto hajalikwaa.

Mchana wa kiangazi mambo hubadilika. Udongo mweusi wa mbuga unaopigwa na jua huweza kuwa na joto kuliko ngozi ya mwanadamu. Saa za asubuhi na jioni hufika wakati ardhi na mtu wana joto karibu sawa, na kihisi hakimtofautishi aliyesimama na njia aliyosimamia. Shimo lililoachwa na wachimbaji wadogo karibu na Maganzo, mji mdogo jirani na Mwadui, halina joto lake la kujitangaza, wala kioo cha dirisha hakipitishi miale ya infraredi. Kwa hatari hizo, ncha ya fimbo nyeupe bado ndiyo mlinzi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Joto, mtetemo na fimbo lazima vifanye kazi pamoja, na mtumiaji ndiye anayejua kipi akiamini saa ngapi.

Biashara ya almasi imeshapitia somo hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mawe ya bandia ya zirkonia yalipoenea, wafanyabiashara walipata kifaa chenye ncha inayopima jinsi jiwe linavyonyonya joto, kile kile ambacho mdomo ulikuwa ukikifanya. Kiliitambua almasi kwa haraka na kikaaminiwa. Mwaka 1998 likaingia sokoni jiwe jingine, moisanaiti, linalopitisha joto vizuri, na vifaa vingi vikalipitisha kama almasi. Ilibidi wanunuzi warudi kuongeza vipimo vingine na uzoefu wa mikono yao. Kupima joto peke yake hakukutosha Maganzo wala London, na hakutamtosha mtu anayevuka barabara.

Kwa hiyo ninachowaomba wahandisi wa Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko ni kidogo na kinawezekana. Wanapobuni chombo cha joto na mtetemo, wasikifikishe Buhangija kikiwa kimekamilika ndani ya sanduku pamoja na mpiga picha. Wakifikishe kikiwa bado kinafunguka, kikiwa na waya za kuhamisha na nguvu ya mtetemo ya kurekebisha. Wamkabidhi kijana asiyeona akitembeze saa sita mchana, na saa mbili usiku, kwenye njia anayoijua kwa miguu yake. Kisha wakae chini wamsikilize anaposema mahali palipomdanganya, kama ambavyo mvulana wa Coupvray angesikilizwa mapema kama mtu mmoja tu mwenye madaraka angemuuliza kwa nini alizikata nukta kwa nusu.